Mke wa Mchimbaji: Kazi ya Nyumbani Nyuma ya Dhahabu ya Chunya

Historia ya wilaya ya Chunya, iliyoko kaskazini mwa Mkoa wa Mbeya, husimuliwa kwa kawaida kwa majina ya wanaume. Dhahabu ilipogunduliwa katika eneo la mto Lupa mwaka 1922, na mbio za kuitafuta ziliposhika kasi katika miaka ya 1930 wakati uchumi wa dunia ulipoanguka, waliotajwa katika kumbukumbu ni wavumbuzi, walowezi wenye mitaji, na maelfu ya vibarua wa Kiafrika waliochimba na kuosha mchanga kwa ajili yao. Hata leo, katika machimbo ya Makongolosi, Matundasi na Itumbi, anayesifiwa ni mwanamume ambaye duara lake, yaani shimo la kuchimbia, limetoa dhahabu. Wanawake waliowalisha wanaume hao na kuwatunzia watoto, na ambao mara nyingi waligharamia msako wenyewe, hutajwa kwa nadra, ilhali bila wao machimbo mengi yasingedumu hata msimu mmoja.

Vibarua wengi wa Lupa walitoka Rungwe, nchi ya Wanyakyusa, kwa hiyo desturi za ndoa za jamii hiyo zinafaa kuangaliwa kwanza. Kama walivyoeleza Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti huko kati ya mwaka 1934 na 1938, Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya rika: wavulana walipofikia umri wa miaka kumi hivi walihama nyumba za wazazi, wakajenga vibanda vyao pamoja, na kuendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa kundi leo kwa mama huyu na kesho kwa mwingine. Thamani kuu ya maisha hayo iliitwa ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza na wenzi wa rika moja. Ni wazi kwamba ukwangala ulitegemea jiko. Mwanamume hakuweza kupata jina la ukarimu kama hakuwa na mke wa kupanda, kupalilia, kuvuna, kupika na kuandaa pombe kwa ajili ya wageni ambao mke huyo hakuwaalika. Heshima ilikuwa ya mume, na jasho lililoizaa kwa sehemu kubwa lilikuwa la mke.

Mishahara ya Lupa iliubadili mpango huo kwa namna mbili zilizokinzana. Kijana aliyezoea kumngojea baba ampe ng'ombe wa mahari sasa aliweza kwenda Chunya, akafanya kazi, akarudi na fedha za kununua ng'ombe wake, hivyo akaoa mapema zaidi na kupunguza utegemezi kwa wazee. Lakini kijana huyohuyo alipokwisha kuoa na kurudi machimboni, mkewe aliachiwa hata kazi ya kuvunja ardhi kwa jembe, ambayo kwa desturi ilikuwa ya mwanamume na wanawe. Uhuru wa mume kutoka kwa baba yake ulilipiwa na mke shambani, na gharama hiyo haikuhesabiwa na mtu yeyote.

Migodi mikubwa ya enzi hiyo ilififia. Ule wa Saza, ambao leo uko katika Mkoa wa Songwe, ulifungwa mwaka 1956. Uchimbaji mdogo ulipopanda tena katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, uliwakusanya Chunya watu wa makabila mengi, na wachimbaji wengi hawakuwaleta wake waliowaoa kwao. Ndipo ulipoenea muungano ambao Watanzania huuita sogea tukae, yaani mwanamume na mwanamke kuishi pamoja bila mahari wala ndoa ya dini au ya serikali. Watazamaji wa nje wamezoea kuuita umalaya, na hukumu hiyo haina haki. Deborah Fahy Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Hannelore Verbrugge, katika makala yao ya mwaka 2013 kuhusu machimbo ya dhahabu ya Tanzania, walionyesha kwamba mahusiano mengi ya aina hiyo ni ushirika wa maisha, ambamo wenzi huitana mume na mke, husaidiana katika riziki na kulea watoto.

Uzito wa ushirika huo huonekana zaidi katika kipindi ambacho duara halijatoa. Kuufikia mwamba wenye dhahabu huweza kuchukua miezi mingi, na katika miezi hiyo mchimbaji hana mshahara, kwa kuwa malipo yake ni mgao, yaani sehemu ya mawe au ya fedha itakayogawanywa kati ya mwenye leseni, mwenye duara na wachimbaji. Anayeiweka nyumba hai ni mke, ambaye hupika chakula cha kuuza kama mama lishe, hutengeneza pombe ya kienyeji, huchuuza mboga, au huponda mawe kwa ujira mdogo karibu na makarasha, yaani mashine za kusaga mawe. Yeye ndiye huwakopesha chakula wachimbaji wa duara la mumewe, akiandika deni katika daftari litakalolipwa siku dhahabu itakapoonekana, au lisilipwe kabisa. Kwa lugha ya biashara huo ni mtaji, na ni mtaji wa hatari zaidi kuliko wa tajiri wa mjini, kwa sababu tajiri huweka akiba yake ya ziada, naye mama lishe huweka unga wa watoto wake.

Hatari nyingine ni ya mwili. Dhahabu hunaswa kwa zebaki, metali ya majimaji yenye sumu, kisha mchanganyiko huo huchomwa ili zebaki iondoke kama mvuke, na mara nyingi uchomaji hufanyika nyumbani, kwenye jiko lilelile la chakula, mama akiwa na mtoto mgongoni. Shirika la Human Rights Watch liliitaja Chunya katika ripoti yake ya mwaka 2013 kuhusu watoto na zebaki, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaolenga kupunguza matumizi ya sumu hiyo, mwaka 2020. Hata hivyo sumu bado inaingia jikoni.

Pamoja na yote hayo, miiko ya machimbo humweka mwanamke mbali na duara. Katika machimbo mengi huaminiwa kwamba mwanamke aliye katika siku zake akilikaribia shimo dhahabu hupotea, na wapo wanaokataza mwanamke yeyote kushuka. Miiko hii hutetewa kama mila, lakini matokeo yake ni ya kiuchumi: asiyeruhusiwa kufika penye mawe hawezi kujua ni viroba vingapi vimetoka, na asiyejua idadi ya viroba hawezi kudai sehemu yake. Wanawake waliounda chama chao cha wachimbaji, TAWOMA, mwaka 1997, walilielewa jambo hilo vizuri.

Hali ya mke kufunikwa na sifa ya mume haiko Chunya peke yake. Katika besiboli, mchezo wa gongo na mpira mdogo unaopendwa Marekani, Rachel Robinson, muuguzi msomi, aliolewa mwaka 1946 na Jackie Robinson, ambaye mwaka uliofuata alikuwa Mweusi wa kwanza wa karne ya 20 kucheza katika ligi kuu. Matusi na vitisho vilivyomwandama mume vilimfikia mke pia. Naye, baada ya mumewe kufariki mwaka 1972, alianzisha mwaka 1973 taasisi ya kuwasomesha vijana kwa jina la mumewe. Tofauti ni kwamba jina la Rachel limeandikwa, na mke wa mchimbaji hubaki mama wa mtoto fulani.

Sheria ya Tanzania imeitangulia desturi katika suala hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inawadhania kuwa mume na mke wenzi walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kutambulika hivyo na jamii, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa unaopaswa kuhesabiwa mali hiyo inapogawanywa chini ya kifungu cha 114. Lakini mwanamke hufika mahakamani baada ya ndoa kuvunjika, dhahabu ikiwa imekwisha kuuzwa na mume ameshahamia machimbo mengine. Kwa hiyo serikali za vijiji na vyama vya wachimbaji wa Chunya vinapaswa kudai kwamba makubaliano ya mgao yaandikwe kabla duara halijatoa, na kwamba jina la mke, pamoja na deni la daftari lake, liwemo katika maandishi hayo.