INJINI ZA RELI MBALIMBALI, NJIA MOJA?

Hapa Embu na Meru reli haijafika. Ya karibu ni ile iendayo Nanyuki. Hata hivyo, mimi na wenzangu wawili tunatengeneza magari ya moshi ya mbao na waya. Kila mmoja ana injini ya shirika lake, na sote twataka njia moja. Ati rangi zitagongana? Rangi si neno. Neno ni upana.

Reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina upana wa milimita 1,000, TAZARA 1,067, SGR 1,435. Ukigawanya kwa 20 unapata 50, 53 na 72 hivi. Milimita tatu ni kidogo, lakini zatosha kuangusha injini.

Mwaka wa 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja bila kung'olewa, kwani upana ulikuwa sawa. Ndiyo maana injini 5918, iliyo Makumbusho ya Reli Nairobi, yaitwa Mount Gelai, mlima wa Tanzania! Umoja huo ulivunjika 1977.

Basi ndugu zangu, tukubaliane upana kwanza, ndipo kila mtu apake rangi aipendayo.