Samaki Walao Mwani na Matunzo Yao katika Tangi la Nyumbani

Tangi la samaki likiwekwa sebuleni karibu na dirisha, halichukui muda mrefu kabla kioo chake hakijaanza kuvaa utando wa kijani. Utando huo ni mwani, yaani viumbe vidogo mfano wa mimea vinavyostawi palipo na mwanga na mbolea. Mbolea yenyewe hutokana na kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki. Wauzaji wa samaki wa mapambo huwa na jawabu la haraka: aongezwe samaki wa kusafisha. Jawabu hilo ni kweli nusu tu, na nusu iliyobaki inalihusu ziwa letu.

Samaki anayeuzwa sana duniani kwa kazi hiyo ni kambare mnyonyaji wa Amerika Kusini, mwenye mdomo chini ya kichwa na mwili uliofunikwa kwa mabamba magumu kama ngao. Hununuliwa akiwa na urefu wa kidole, lakini huweza kuzidi sentimita 30, na kinyesi chake huongeza mbolea ileile inayoulisha mwani. Anapowachosha wenyeji wake, wengi humtupa kwenye maji yaliyo karibu. Katika bwawa la Infiernillo nchini Mexico, samaki wa jamii hiyo walizaana hadi wakajaza nyavu za wavuvi waliokuwa wakitafuta perege. Dume huchimba mashimo kwenye kingo ili kutagiwa mayai humo, na kingo hizo hudhoofika.

Mkazi wa Mwanza hana haja ya kumtafuta mgeni huyo. Kwenye miamba ya Ziwa Victoria wanaishi furu ambao wavuvi huwaita mbipi. Baadhi yao, hususan wa jenasi ya Neochromis, wana meno madogo mengi yaliyosongamana, ambayo huyatumia kukwangua mwani juu ya mawe. Madume huwa na rangi za kupendeza, za buluu, manjano au nyekundu. Majike huatamia mayai kinywani, na hata vifaranga hukimbilia humo wakitishwa. Anayetaka kuwafuga aonane kwanza na Afisa Uvuvi kuhusu namna halali ya kuwapata. Kisiwa cha Saanane, chenye miamba ya aina hiyo karibu kabisa na mji, ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2013, na hapaswi mtu kuchukua samaki humo.

Mbipi ni mkorofi. Dume hulinda eneo lake kwa ukali, kwa hiyo tangi lisipungue lita 200, liwe na dume mmoja kwa majike kadhaa, na mawe yapangwe yawe na mapango ya kujificha. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la ukubwa huo pamoja na mawe huzidi kilo 250, nayo si mzigo wa kuwekwa juu ya kabati la televisheni. Mawe ya graniti yaliyotapakaa vilimani yanafaa. Yasuguliwe, yamwagiwe maji yanayochemka na kuanikwa juani. Mawe na majani ya ufukweni yaachwe huko, kwani huweza kubeba konokono wanaoeneza kichocho.

Kwa sababu hiyohiyo maji ya bomba ni bora kuliko ya kuchota ziwani, ila yana klorini inayounguza mashavu ya samaki. Yakikaa siku nzima kwenye ndoo pana iliyo wazi, sehemu kubwa ya klorini hupotea hewani. Tangi jipya lisijazwe samaki siku moja. Bakteria wanaobadilisha amonia ya kinyesi kuwa kitu chenye madhara madogo huhitaji majuma manne hadi sita kuenea kwenye chujio, na samaki wengi wa wafugaji wapya hufa katika muda huo. Baadaye, robo ya maji ibadilishwe kila juma. Sponji ya chujio isuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, maana klorini ya bomba huua bakteria hao.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mla mwani hahitaji kulishwa. Mwani wa kioo kimoja hautoshi. Apewe mchicha au tango lililochemshwa kidogo, na mabaki yaondolewe siku hiyohiyo. Utumbo wake ni mrefu, wa mla majani. Nyama ya ng'ombe humvimbisha tumbo. Utando ukizidi, tangi lisogezwe mbali na dirisha na taa iwashwe saa nane tu kwa siku.

Lililo zito zaidi ni mwisho wa tangi. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameongezeka mno hata spishi nyingi za furu zikatoweka katika Ghuba ya Mwanza. Mbipi walinusurika zaidi kwa kuwa miamba iliwaficha. Gugu maji nalo lilisambazwa duniani kama ua la mabwawani kabla halijazonga mialo yetu. Mwaka 1997 watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walionesha kwamba maji ya ziwa yanapochafuka, jike hashindwi kumwona dume, bali hushindwa kuitambua rangi yake, na spishi huchanganyika. Hivyo hata mbipi aliyefugwa na wa mwalo mwingine hafai kurudishwa ziwani.

Samaki asiyetakiwa apewe mfugaji mwingine, au Afisa Uvuvi wa kata aombwe ushauri. Aliyekufa afukiwe. Maji ya tangi yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro ya mji huishia ziwani. Yamwagiliwe bustani, ambako mchicha huyapenda.