Kukopa wimbo si utumwa

Majuma machache yaliyopita nilihudhuria mazishi ya mzee mmoja wa jamaa zetu huko mashambani. Kabla ya ibada kuanza, mwenye vipaza sauti alituchezea nyimbo za Jim Reeves, yule mwimbaji wa muziki wa kantri kutoka Marekani aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964. Wazee walitikisa vichwa taratibu, na akina mama kadhaa wakazifuatisha kwa sauti ya chini, neno kwa neno. Kijana mmoja aliyeketi kando yangu, msomi wa chuo kikuu, aliniinamia na kunong'ona kwa uchungu: "Mwalimu, mwacha mila ni mtumwa. Hata wafu wetu tunawalilia kwa sauti ya Mzungu?"

Sikumjibu siku hiyo, kwani matangani si mahali pa mjadala. Hata hivyo, swali lake halikuwa la kipuuzi, na kwa kuwa naamini wapo wengi wenye fikra kama zake, naomba nimjibu hapa.

Mwaka 1950, Mwingereza mmoja aitwaye Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akinasa nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kericho. Miongoni mwa nyimbo alizonasa ni zile ziitwazo "Chemirocha". Mojawapo iliimbwa na msichana Chemutoi Ketienya pamoja na wenzake, ikiandamana na chepkong, ala ya nyuzi ya Wakipsigis ambayo ni nduguye nyatiti ya Waluo na obokano ya Wagusii. Je, Chemirocha ni nani? Si mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aitwaye baba wa muziki wa kantri, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia Wakipsigis katika enzi za ukoloni. Tracey aliandika kwamba kwa wasichana wale Chemirocha alikuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu, nusu paa.

Mwanaisimu hawezi kulipita jina hili bila kusimama. Lugha za Kalenjin hazitenganishi sauti ghuna na sauti sighuna jinsi Kiswahili kinavyotenganisha "j" na "ch". Mwanzoni mwa neno hutamkwa ile sighuna. Ndiyo sababu "Jimmie" akaanza na "Ch". Fauka ya hayo, "Che-" ndiyo silabi inayoanza majina mengi ya Wakalenjin, hasa ya wanawake: Chebet, Chemutai, na hata Chemutoi mwenyewe. Kwa maoni yangu, sikio la Mkipsigis lilimsikia mgeni huyu kana kwamba amezaliwa Kapkatet.

Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa ujinga wa watu wasiojua Kiingereza. Waswahili walifanya vivyo hivyo. Walipolipokea neno "kitab" la Waarabu, walisikia "ki-" ya ngeli yao, wakapata kitabu, na papo hapo wakazaa wingi usiojulikana kwa Waarabu: vitabu. Je, kuna anayethubutu kusema kwamba Kiswahili kilikuwa mtumwa siku kilipotamka "vitabu"? Mtumwa hurudia alichoambiwa jinsi alivyoambiwa, lakini mkopaji hodari hukigeuza alichokopa kikafuata sheria za nyumba yake. Wasichana wa Kapkatet hawakumwiga Rodgers. Walimtoa kwenye gitaa, wakamtia katika mapigo ya chepkong, na kumfanya mhusika wa hadithi yao.

Isitoshe, tunaposema "sauti ya Mzungu" tunasahau kuuliza Mzungu huyo aliipata wapi. Rodgers alizaliwa mwaka 1897. Babake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli, naye alikulia miongoni mwa vibarua weusi, akiwapelekea maji na kuzisikia nyimbo zao, kabla ya kuajiriwa mwenyewe katika magarimoshi. Alipoanza kurekodi mwaka 1927 mjini Bristol, Tennessee, mtindo wake ulikuwa mseto wa bluzi za watu weusi na ule ufundi wa kuirusha sauti ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa. Ala ya banjo nayo, ambayo wengi huidhania kuwa ya wakulima weupe wa milimani, ilitokana na ala za Afrika Magharibi, na iliundwa ng'ambo na Waafrika waliopelekwa huko kama watumwa. Sisemi kwamba Kapkatet ni Afrika Magharibi, wala kwamba muziki wa kantri ni mali yetu. Ninalosema ni kwamba hauna baba mmoja.

Ikiwa ni hivyo, mbona tukaamini kwamba ni wa Wazungu peke yao? Hapa ndipo majina yanapofanya kazi yake. Katika miaka ya 1920, kampuni za santuri za Marekani ziliuza muziki wa weusi katika orodha moja na wa weupe wa mashambani katika nyingine, ingawa wapigaji wenyewe walikuwa wakifundishana. Mwaka 1949, jarida la Billboard liliyabadilisha majina ya orodha hizo, lakini ukuta ukabaki ulipokuwa. Mwaka 1930, Rodgers alirekodi pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta mweusi, na mkewe Armstrong, Lil Hardin, kwenye piano. Majina ya wawili hao hayakuandikwa kwenye santuri. DeFord Bailey, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa Grand Ole Opry, kile kipindi cha redio cha Nashville kilichoueneza muziki wa kantri. Mwaka 1941 aliachishwa kazi, akaishia kujikimu kwa kung'arisha viatu. Alifariki mwaka 1982, na jina lake halikuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa muziki huo hadi mwaka 2005.

Dhuluma, basi, haiko katika kukopa. Iko katika kulifuta jina la aliyekukopesha. Katika hili, Kapkatet ilimshinda Nashville kwa uungwana: wasichana wale walimkopa Rodgers na kulitia jina lake katika kiini cha wimbo. Sisi wenye elimu hatukuwatendea wao hivyo. Katika rekodi ile jina la Chemutoi limeandikwa, lakini wenzake ni "wasichana wa Kipsigis" tu. Sauti zao zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, na nakala hazikurudishwa Kapkatet hadi miaka mingi baada ya kuimbwa.

Kwa hiyo, kijana wangu, hasira yako ni ya haki, ila umeielekeza kusiko. Usiwaonee wazee wanaofarijika kwa Jim Reeves. Waulize watangazaji wetu mbona hucheza nyimbo za kale za Wakenya bila kuwataja watunzi. Waulize wanaochukua wimbo wa kijiji na kuutia ala za kisasa iwapo wamekitaja kijiji hicho. Nasi walimu tuulize iwapo mtoto wa shule ya Kericho amewahi kuisikia "Chemirocha" darasani.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mwimbaji ni jina lake.