Mgongo wa mwaka jana si wa leo

Juzi nilikuwa Ndithini, kule Masinga, Kaunti ya Machakos, kwa rafiki niliyesoma naye chuo. Binti yake ana miaka 13 na mgongo wake unapinda kwa upande. Baba mtu akanitolea bahasha ya eksirei. "Walisema nyuzi 32, ndugu yangu, basi sisi twangoja." Nikaangalia tarehe: picha ilikuwa na miezi 14.

Hizo nyuzi ni kipimo alichokieleza daktari wa Kimarekani, John Cobb, mwaka 1948. Katika picha huchukuliwa pingili mbili zilizoinama zaidi, ya juu na ya chini ya pindo, kila moja ikapigiwa mstari. Pembe ya mistari hiyo ndiyo kipimo. Chini ya 10 si ugonjwa. Kati ya 25 na 40, mtoto anayekua huvalishwa kifaa cha kubana kiwiliwili. Ikifika 45 au 50, huanza mazungumzo ya upasuaji.

Taabu ni kwamba namba hii haitulii. Msichana anapobaleghe hurefuka kwa kasi, na pindo hukimbia naye. Mtoto wa umri huo hupimwa tena kila miezi minne hadi sita, si kila mwaka. Hata akimaliza kukua, pindo la zaidi ya 50 laweza kuongezeka kama uzi mmoja kila mwaka. (Na si mkoba wa shule, wala si jini. Kwa wengi wa rika hili chanzo hakijulikani.)

Lakini pia usishtuke na kila tofauti. Madaktari wawili wakipima picha moja waweza kupishana nyuzi 5. Aliyelala huonekana amenyooka kuliko aliyesimama, na jioni mgongo huwa umelemewa kuliko asubuhi. Kwa hiyo picha zilinganishwe za kusimama, ikiwezekana mahali pamoja.

Kwa mpasuaji, jambo hili ni zito khasa. Yeye huamua ni pingili zipi atakazozifunga kwa vyuma na skrubu ziungane, na kabla ya hapo humpiga mgonjwa picha akijipinda kushoto na kulia, aone mgongo bado unalegea kiasi gani. Pindo likikua hukakamaa, na huenda pingili za kufungwa zikawa nyingi zaidi. Fundi gani hushona kanzu kwa kipimo cha Idi iliyopita?

Rafiki yangu simlaumu. Aliambiwa arudi baada ya mwaka, akatii, kisha nauli ikamchelewesha. Nikamwomba binti ainame mbele, mikono ikining'inia, mamake akiwa kando. Mbavu za kulia zilikuwa zimeinuka waziwazi.

Wiki iliyofuata walipiga picha mpya, amesimama. Nyuzi 47. Sasa wamo kwenye foleni ya upasuaji, na wameambiwa itapigwa nyingine tena siku ikikaribia.