Kamera Isiyo na Kufuli Si Mlinzi

Zamani kamera za ulinzi zilikuwa mapambo ya mabenki na mahoteli ya Nairobi. Leo shule za mashambani nazo zinazitamani, na zile za huku Ewuaso Kedong, ng'ambo ya milima ya Ngong katika Kaunti ya Kajiado, hazina sababu ya kubaki nyuma. Mimi sina ugomvi na kamera. Mwizi wa vitabu na mchomaji wa bweni wote huliogopa jicho lisilosinzia. Ugomvi wangu ni na desturi ya kuitundika kamera ukutani, kuitazama picha mara moja, kumlipa fundi na kumuaga, pasipo yeyote kuuliza ni nani mwingine awezaye kuiona picha hiyo.

Kamera ya kisasa ni kompyuta ndogo yenye jicho. Nyingi zimeuzwa zikiwa na neno la siri la kiwandani, ambalo hujulikana na kila aliyesoma kijitabu cha maelezo yake. Mwaka wa 2016 programu haramu iliyoitwa Mirai ilijaribu takriban maneno 60 ya namna hiyo, ikateka kamera na vifaa vingine kwa maelfu. Oktoba 21 mwaka huo, vifaa vilivyotekwa vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, hata Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Machi 2021, wadukuzi waliopata neno la siri la msimamizi mkuu katika kampuni ya Verkada walichungulia kupitia kamera zipatazo 150,000, zikiwamo za shule, hospitali na magereza. Kikulacho, kweli, ki nguoni mwako.

Wamaasai walilielewa jambo hili kabla ya kompyuta kuzaliwa. Katika enkang, ua wa miiba huzunguka boma zima, lakini kila mwenye mji ana lango lake, na jioni hulifunga kwa matawi ya miiba baada ya kuhakikisha kwamba walioingia ni ng'ombe wake. Ua mrefu haumfai kitu mfugaji aliyeacha lango wazi.

Mtandao nao una malango. Kamera ya getini huning'inia nje ya jengo. Mtu mwenye ngazi aweza kuuchomoa waya wake, akachomeka kompyuta yake, na papo hapo akawa ndani ya mtandao uleule unaohifadhi alama za mitihani na rekodi za karo. Dawa yake ni utaratibu uitwao 802.1X, uliotolewa na taasisi ya wahandisi ya IEEE mwaka wa 2001. Kifaa kikichomekwa, swichi hukizuia mlangoni na kupitisha maswali ya utambulisho tu. Majibu hupelekwa kwa seva ya RADIUS, yenye daftari la wanaoruhusiwa. Seva ikikubali, swichi hufungua. Ikikataa, mgeni hubaki nje. Utambulisho ulio imara ni cheti cha kidijitali kilichowekwa ndani ya kamera, kwa maana cheti hakibahatishwi kama neno la siri. Hata hivyo, fundi asiisahau saa. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kamera ambayo saa yake imerudi nyuma baada ya umeme kupotea yaweza kukikataa cheti halali cha seva.

Watakaolalamikia gharama wana haki. Swichi yenye uwezo huo ni ghali kuliko ya kawaida, ingawa programu ya FreeRADIUS hutolewa bure na hukubali kuendeshwa na kompyuta kuukuu. Shule isiyomudu ianze na yasiyo na bei: kila kamera ipewe neno lake la siri, refu, kamera zitengewe mtandao wao, kurasa za kuziendesha zifunguliwe kwa njia iliyosimbwa, na ruta isiziachie njia ya kufikiwa moja kwa moja kutoka intaneti.

Hapa pana wajibu wa kisheria pia. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawakinga watoto mahususi. Mwaka wa 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule ya Roma, Uthiru, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Iwapo picha iliyotolewa kwa hiari iligharimu kiasi hicho, je, ile itakayoibwa kwa sababu hatukufunga mlango?

Basi, mwalimu mkuu, kabla ya kutia sahihi malipo ya fundi, muulize: Nani analijua neno la siri? Litabadilishwa lini baada ya yeye kuondoka? Mtu akiuchomoa waya, ataingia wapi? Nanyi wanafunzi wa somo la kompyuta, jifunzeni kuyajibu maswali hayo, kwani fundi atarudi kwao, ilhali watoto wanaotazamwa na kamera hizo ni wadogo zenu.