Heshi na usimbaji fiche: maneno yasiyobadilishana

heshi nm [i-/zi-] mfuatano wa alama wenye urefu usiobadilika, unaokokotolewa na programu kutokana na matini yoyote ili kutambua iwapo matini hiyo imeguswa.

Wapo wafasiri wanaoandika *usimbaji fiche* mahali pa *heshi*. Dhana hizi mbili ni tofauti, na kosa hilo laweza kumgharimu msomaji.

Mfano mzuri uko Geita. Mchimbaji mdogo hupeleka mawe yake kwenye karasha. Huingia mawe, hutoka unga, na hakuna awezaye kuurudisha unga huo kuwa jiwe lilelile. Ndivyo ilivyo heshi. Tofauti ni kwamba dhahabu bado imo ndani ya unga na huchenjuliwa, ilhali ndani ya heshi hamna cha kuchenjua. Usimbaji fiche, kwa upande wake, ni sanduku lenye kufuli: mwenye ufunguo hulifungua na kukuta kitu kilekile.

Mwalimu wa Shinyanga aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa bodi ndogo ya Arduino Uno. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2 tu, lakini yatosha kuendesha SHA-256, kwa kuwa programu hiyo husaga matini kwa mafungu ya baiti 64, moja baada ya jingine. Ikipewa herufi *abc*, hutoa alama 64 zinazoanza na *ba7816bf* na kuishia na *f20015ad*. Jibu likiwa jingine, kwanza itazamwe kama alama ya mstari mpya imejipenyeza mwishoni: jicho haliioni, heshi huiona. Pili, ikaguliwe aina ya namba: namba nzima ya kawaida katika bodi hiyo ina biti 16, na SHA-256 huhitaji biti 32.

Sasa tuchukue soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019. Tuseme mizani ya mnunuzi imeunganishwa na bodi ya namna hiyo, na stakabadhi huandikwa "gramu 12.40" pamoja na heshi yake. Mtu akigeuza uzito kuwa 12.04, heshi hazitalingana. Hata hivyo, uzito wenyewe unasomeka na kila mtu. Mwongozo ukisema uzito "umesimbwa", mchimbaji ataamini kuwa siri yake imefichwa, kumbe iko wazi. Tena, awezaye kugeuza uzito aweza pia kukokotoa heshi mpya. Kwa hiyo kinga ya mchimbaji ni kubaki na heshi ya kwanza mkononi mwake.

Matumizi

Sahihi: *Kokotoa heshi ya stakabadhi. Linganisha heshi hizi mbili.*

Si sahihi: *Simbua heshi ya stakabadhi.*

Kilichosimbwa husimbuliwa, heshi hulinganishwa tu.