Ghala la Makopa Kichwani

Mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Masasi. Nikifika mada ya ubongo, kitabu hukiacha mezani, nikatoa mfukoni kipande cha kopa. Wanafunzi hucheka. Ni muhogo wa bibi yangu wa Newala, umekauka mpaka unagonga kama jiwe.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yetu tukiwa tumetulia. Mlaji mkubwa ni seli ya neva, na mlaji huyo karibu hana ghala. Ghala analo jirani yake, astrosaiti, seli ya glia yenye umbo la nyota: mguu mmoja kaukanyagisha kwenye mshipa wa damu, mikono iko kwa neva. Huchota glukosi, nyingine akaiweka akiba kama glikojeni, ambayo ni minyororo ya glukosi kama ulivyo wanga wa muhogo. Yaani makopa. Kazi ikichachamaa, huivunja akazipa neva laktati, chakula kilichokwisha kumenywa. Pellerin na Magistretti walilitoa wazo hilo mwaka 1994. Ubishi haujaisha, maana neva nazo hujichotea glukosi.

Sasa njoo 1988, humu humu wilayani Masasi. Njaa ilibana, watu wakalewa muhogo mchungu. Makopa yanataka siku nyingi juani, na mwenye njaa hana siku nyingi. Walitwanga muhogo na kuuanika harakaharaka, ndiyo chinyanya, na sianidi ikabaki kwenye unga. Sumu hii huzibana mitokondria, seli ikashindwa kutumia oksijeni. Laktati inaweza kuwepo tele, lakini oksijeni isipotumika haichomeki. Astrosaiti hujikongoja kwa muda kwa kuvunja glukosi hivyo hivyo. Neva haina ubavu huo. Hapo ghala la jirani halisaidii kitu.

Niliwahi kumuuliza bibi kwa nini basi asipande muhogo mtamu mtupu.

“Mtamu wanakula nguruwe, mjukuu wangu. Wewe utakula nini?”

Alikuwa akigonga makopa mawili karibu na sikio. Moja lililia kavu, akalitupa kapuni. La pili likatoa sauti nzito. Nikamwambia, kwa ujuaji wangu, kwamba ukavu peke yake si kipimo cha sumu. Akanitazama, akalirudisha juani.